Mashine Haikusema Akchueta Imekufa

Kuna imani iliyoota mizizi katika gereji za Mbarara, na sasa imefuata barabara ya Kikagati, ikapita Kabingo, ikaingia hadi kwenye mabanda ya mafundi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Taa ya ABS ikiwaka, chomeka mashine ya kusoma misimbo. Mashine ikitoa msimbo unaoanza na herufi C na kutaja rilei, solenoidi au mota ya akchueta, basi akchueta imekufa. Kilichobaki ni mwenye gari kutuma pesa Kampala, soko la Kisekka, aletewe nyingine iliyofunguliwa kwenye gari kuukuu. Akiuliza kwa nini, anajibiwa: kompyuta imesema. Hapo mjadala umekwisha, na mtu aliyeuza magunia ya mahindi ili gari lake lirudi barabarani hana tena la kusema.

Mimi nasema kompyuta haikusema hivyo. Aliyesema ni fundi, na amesema jambo ambalo hajalipima. Imani hii inawamalizia watu pesa, inawavunjia heshima mafundi wazuri wasio na mashine, na inaacha magari yakibeba abiria yakiwa na breki ambazo hakuna aliyezichunguza. Haifai kuendelea kuitwa utaalamu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Akchueta ya breki, ambayo wengi huku huiita pampu ya ABS, ni lile bonge la alumini ambamo mabomba ya breki huingia na kutoka, ndani ya chumba cha injini. Ndani yake mna vali zinazoendeshwa na solenoidi na mota ya umeme inayozungusha pampu. Katika Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea, kompyuta ya ABS nayo imefungwa palepale ubavuni mwake. Tairi likitaka kujifunga, vali huzuia mafuta ya breki yasizidi kwenda kwenye tairi hilo, huyapunguza, kisha huyaruhusu tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Bosch na Mercedes-Benz waliuweka mfumo huu wa ABS sokoni mwaka 1978. Leo hata Noah inayobeba abiria kutoka Base Camp ya Nakivale hadi mjini inao.

Sasa kompyuta hiyo inajuaje kwamba kuna tatizo? Haina macho ya kuiona vali wala mkono wa kuishika mota. Inachokijua ni umeme tu. Inaagiza mota izunguke, kisha inaangalia kama volti imefika mahali pake. Isipofika, inaandika msimbo na kuwasha taa. Kwa Toyota, C0273 ni taarifa kwamba sakiti ya rilei ya mota ya ABS imekatika. C0278 ni ya rilei ya solenoidi. C1251 inahusu mota yenyewe kukwama au sakiti yake kukatika. Umeme wa mota hiyo unaanza kwenye betri, unapita fyuzi kubwa, rilei, waya, soketi, unaingia kwenye mota, kisha unarudi kwenye bodi kupitia boliti ya erthi. Ukikatika popote katika safari hiyo, kompyuta huona kitu kilekile: volti niliyoitarajia haipo. Fyuzi iliyoungua na mota iliyoungua kwake ni mamoja. Kwa hiyo anayesoma msimbo akakimbilia kufungua bonge la alumini ameruka hatua zote za katikati, na hatua hizo ndizo rahisi kukagua na rahisi kuharibika.

Nawakubalia wapinzani wangu jambo moja, kwa sababu ni la kweli. Iko misimbo inayokaribia sana akchueta kuliko mingine. C0226, C0236, C0246 na C0256 zinahusu vali za solenoidi za tairi moja moja, na kwenye gari ambalo kompyuta imeunganishwa na akchueta, waya wa kutoka kompyuta hadi kwenye vali umo ndani kwa ndani, hauguswi. Hapo ni kweli kwamba kosa likithibitika, bonge zima hubadilishwa. Lakini neno lenye uzito hapo ni kuthibitika. Hata misimbo hii inataka kwanza ifutwe, gari liendeshwe, ionekane kama inarudi; inataka umeme wa kuingia na erthi ya kutokea vipimwe. Kumbukumbu ya kompyuta hutunza makosa ya zamani pamoja na ya leo. Msimbo ulioandikwa siku betri ilipokuwa imekufa na gari likasukumwa na vijana kuteremka kilima, unaweza kukaa humo hadi leo, na fundi akausoma kama ugonjwa wa leo.

Betri, hasa. Toyota wana msimbo C1241 unaoandikwa umeme wa kompyuta ya ABS unaposhuka hadi volti 9.5 au chini wakati gari likitembea. Katika makazi haya betri haina raha: gari linachaji simu, linapiga muziki, limeongezewa taa za mbele, limeunganishiwa king'ora na swichi ya siri ya kuzuia wezi. Kila aliyeongeza kitu alikata waya fulani na kuufunga kwa utepe. Kisha betri yenyewe huwa imeletwa ikiwa imeshatumika. Msimbo wa akchueta ukitokea pamoja na C1241, mtu makini ataanza na betri na alteneta: gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa betri nzima husoma karibu volti 12.6, na injini ikinguruma isome kati ya 13.5 na 14.5. Kipimo hicho huchukua dakika mbili. Sielewi kwa nini mteja atume pesa Kisekka kabla ya dakika hizo mbili.

Halafu kuna barabara. Kutoka Mbarara hadi Kabingo ni lami, sina neno. Ukiiacha lami kuingia makazini, kuelekea Base Camp, Juru au Rubondo, unaingia kwenye vumbi la changarawe wakati wa kiangazi na utelezi wa tope miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba. Mtikisiko hulegeza boliti za erthi. Tope hukauka juu ya waya za sensa zilizo karibu na matairi, likizigandia na kuzivuta kila gurudumu linapopanda na kushuka. Kisha gari linafikishwa mahali pa kuoshea, injini inapigwa maji ya presha, maji yanaingia kwenye soketi ya akchueta na kuzaa ile kutu ya kijani inayokula vichwa vya waya. Haya ndiyo maradhi ya magari ya huku. Akchueta ni chuma kizito kilichofungwa vizuri. Yanayoizunguka ndiyo dhaifu.

Na hapa ndipo penye somo ambalo mashine haiwezi kulifundisha. Waya ulioliwa na kutu, ukabakiwa na nyuzi mbili tatu, ukiupima kwa mita kwenye kipimo cha ohmu utaonekana mzima. Mita italia, fundi atasema waya uko sawa, na hatia itarudi kwa akchueta. Lakini mota ya pampu ikifanya kazi huvuta umeme mwingi. Tuseme inavuta ampea 30. Ukinzani wa ohmu 0.1 tu katika waya au boliti ya erthi unatosha kumeza volti 3: 30 mara 0.1. Betri inatoa 12, mota inapata 9, na kompyuta inaandika msimbo. Nyaya za mita ya bei rahisi peke yake zina ukinzani wa kiasi hichohicho, kwa hiyo mita hiyo haiwezi kuiona ohmu 0.1. Kinachoweza kuiona ni kupima volti wakati umeme unapita.

Njia yake si ya siri. Chomoa soketi ya akchueta, tafuta waya mnene wa umeme wa mota na waya mnene wa erthi, kisha unganisha hapo balbu ya H4 ya taa kubwa, nyuzi zake zote mbili kwa pamoja. Balbu hiyo ya wati 60 na 55 huvuta karibu ampea 10. Ikiwa inawaka, weka mita kwenye volti: ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa erthi pale soketini. Erthi nzima haitakula hata volti 0.2. Ikisoma volti nzima au zaidi, umeshampata mhalifu, na dawa yake ni kufungua boliti, kusugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kufunga tena na kupaka grisi. Fanya vivyo hivyo upande wa umeme chanya. Ikiwa pande zote ni safi, na fyuzi ni nzima, na betri ni nzima, na msimbo ukifutwa unarudi, hapo ndipo akchueta inaposhtakiwa kwa haki.

Kwa balbu na mita, fundi wa chini ya mwembe anaweza kumpita mwenye mashine. Watu hawapendi kusikia hivyo, kwa sababu tumezoea kupanga mafundi kwa vifaa walivyonavyo: Kampala juu, Mbarara katikati, Nakivale chini. Nakivale ni makazi yaliyoanza mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo yana zaidi ya watu 100,000, wengi wao Wakongomani, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Miongoni mwao wamo watu walioshika spana Bukavu, Uvira, Bujumbura na Mogadishu, mahali ambapo gari lilitengenezwa bila spea na bila kitabu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi Uganda. Lakini akija mtu na gari lenye taa ya ABS, huyo fundi huambiwa hana mashine, na gari linapelekwa mjini likasomewe msimbo na kijana ambaye pengine hajawahi kupima erthi.

Tena madai kwamba bila mashine msimbo hausomeki si kweli kwa magari mengi yaliyojaa huku. Katika Toyota nyingi za miaka ya 2000, soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani ina matundu yenye namba. Kipande cha waya kikiunganisha tundu la 13 na la 4, swichi ikawashwa, taa ya ABS yenyewe huanza kuhesabu. Mwako mmoja, kituo, kisha miako mitatu ni 13, yaani C0273. Mmoja na mmoja ni 11, yaani C0278. Minne na mmoja ni 41, msimbo wa umeme mdogo. Mitano na mmoja ni 51, mota ya pampu. Unatakiwa uangalifu, kwa maana tundu la 16 lina umeme wa betri, na atakayelishika kwa bahati mbaya ataunguza kitu. Lakini anayejua kuhesabu hadi tano na kusoma namba za matundu anaweza kuipata taarifa ileile iliyopatikana mjini.

Na taarifa ya mjini haina uhakika unaodhaniwa. Vifaa vingi vinavyouzwa rahisi, vile vidogo vinavyoungana na simu kwa bluetooth na kujiita ELM327, vimekusudiwa misimbo ya injini inayohusu moshi. Kompyuta ya ABS havizungumzi nayo kabisa, au huzungumza nayo nusunusu. Vilivyo vikubwa kidogo huja na orodha ya maana za misimbo, na orodha hiyo ndiyo mtego. Msimbo wa C wenye 0 baada ya herufi ni wa pamoja, umekubaliwa na watengenezaji. Wenye 1 ni wa kampuni yenyewe. C1251 ya Toyota na C1251 ya kampuni nyingine zaweza kuwa vitu viwili visivyo na undugu. Fundi akichagua aina isiyo sahihi kwenye skrini, au gari likiwa limeundwa kwa soko la ndani la Japani na mashine haina orodha yake, maandishi yatakayotokea yatakuwa ya gari jingine. Tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingizwa Uganda magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, yanayoingia sasa yana kompyuta nyingi zaidi. Hatari ya kusoma orodha isiyo yake inazidi, haipungui.

Mashine nzuri ina kazi yake, na kazi hiyo naiheshimu. Inaweza kuiamuru mota ya pampu izunguke gari likiwa limesimama, na fundi akasikia kwa sikio na kupima kwa mita palepale. Inaweza kuonyesha kasi ya kila tairi gari likitembea, na sensa iliyokatika ikajulikana. Inahitajika pia kutoa hewa ndani ya baadhi ya akchueta. Mwenye mashine akiitumia hivyo ni fundi. Anayesoma mstari mmoja kisha akachomoa na kudai pesa yake, hajachunguza chochote.

Wapo watakaosema mambo yote haya hayana maana, kwa kuwa ABS si ya barabara zetu. Toa balbu ya dashibodi, vuta fyuzi, endesha kama baba zetu walivyoendesha. Hoja yao ina chembe ya ukweli: kwenye changarawe iliyolegea, tairi lililojifunga hukusanya udongo mbele yake, na gari lenye ABS linaweza kuchelewa kidogo kusimama. Lakini gari hilohilo asubuhi liko Juru na mchana liko kwenye lami iliyolowa, likiteremka milima ya Isingiro na abiria na mizigo, na hapo dereva akikanyaga kwa hofu anahitaji matairi yaendelee kuzunguka ili usukani umtii. Isitoshe, kompyuta hiyo ndiyo inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ile ya njano ya ABS, huenda mgawanyo huo nao umepotea, na matairi ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza, gari likageuka kiubavu. Balbu ikitolewa dereva hatajua. Na katika Land Cruiser 100 na Prado za 120 zenye breki za kusaidiwa na pampu ya umeme, pampu hiyohiyo ndiyo inayomsaidia mguu wa dereva. Kuvuta fyuzi ovyo kwenye gari la namna hiyo ni kumnyang'anya breki.

Vilevile akchueta ya kununua si salama kwa sababu tu imegharimu pesa. Imetoka kwenye gari ambalo historia yake haijulikani, mabomba yake yameachwa wazi, unyevu umeingia. Mafuta ya breki hunyonya maji: DOT 3 mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kipimo chake cha chini ni nyuzi 140. Kompyuta iliyo ubavuni huenda ni ya gari lenye mfumo tofauti. Hewa ikibaki ndani, kanyagio huzama. Na ikiwa tatizo lilikuwa boliti ya erthi, baada ya yote hayo taa inawaka tena, msimbo uleule, na fundi anasema akchueta mliyoletewa nayo ilikuwa mbovu. Mteja hununua ya pili.

Kwa nini imani hii inashinda? Kwa sababu tunalipa spea, hatulipi akili. Mteja atatoa pesa nyingi akionyeshwa chuma kilichotoka na chuma kilichoingia, lakini fundi akitumia nusu siku kupima kisha akasugua boliti moja, mteja anasema hakufanya kitu, anampa pesa ya soda. Fundi anajifunza haraka kipi kinamlisha. Mashirika yenye misafara ya magari ndani ya makazi yana lawama yao pia, maana fomu zao zina nafasi ya jina la spea iliyobadilishwa na hazina nafasi ya volti iliyopimwa. Na vyuo vya ufundi vinavyonunua mashine kwa pesa za wafadhili kabla ya kuhakikisha kila mwanafunzi anaweza kupima volti zinazopotea kwenye erthi vinazalisha wasomaji wa skrini.

Basi wewe mwenye gari, usiruhusu akchueta ifunguliwe kwa sababu ya msimbo peke yake. Mwambie fundi akuandikie kwenye karatasi volti ya betri injini ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, volti iliyofika kwenye soketi ya akchueta ikiwa na mzigo, volti iliyopotea kwenye erthi, na kama msimbo ulirudi baada ya kufutwa. Asiyeweza kukuandikia namba hizo, chukua ufunguo wako uondoke. Anayeweza, awe na duka High Street ya Mbarara au banda Base Camp, awe ana mashine au ana balbu na mita, mlipe kazi ya kupima kama unavyolipa spea, hata kama alichobadilisha ni fyuzi tu.